Wingi wa Maneno Si Wingi wa Akili

Imekuwa ada miongoni mwa wasomi wetu wengi, waalimu na wafasiri na watu wa afisini, kila panapozuka mjadala wa lugha ipi ifaayo kufundishia elimu za juu, kuitoa hoja moja ambayo wao huiona kuwa ni kata-maneno: kwamba Kiingereza ni lugha ya watu wenye kupambanua mambo, kwa kuwa pale ambapo sisi tuna neno moja wao wana kumi, na kwamba lugha yenye maneno kumi ni dalili ya akili iliyoona tafauti kumi, ilhali lugha yenye neno moja ni dalili ya akili iliyoona jambo moja tu. Na katika mifano wanayopenda kuitaja ni hii ya maneno ya kusugua na kulika kwa vitu. Mwingereza, wasema, ana “rub” na “chafe” na “fret” na “gall” na “grate”, ana “abrade” na “erode” na “corrode” na “attrition”, na fauka ya hayo mengi katika hayo huyatumia kwa mwili na kwa moyo pia, kwa ngozi iliyochubuka na kwa nafsi iliyoudhika. Nasi, wasema, tunalo “sugua”, na tukitaka kuzidisha twaongeza “sana”.

Rai hii imeenea mno hata imekuwa haiombwi tena burhani. Nia yangu ni kuiomba hiyo burhani, na kuonyesha kwamba haipo. Sifanyi hivyo kwa ghera ya lugha peke yake, ingawa ghera hiyo ninayo na siifichi, bali kwa sababu anayeyatazama maneno hayo ya Kiingereza moja moja, akayafuata mpaka yalikozaliwa, hatakuta mlangoni mwake mwanafalsafa aliyekaa akahesabu aina za msuguano; atakuta mpishi, mchunga farasi, mpura nafaka na askari. Maneno ya namna hii, ya kwao na ya kwetu, yametoka mikononi mwa watu wa kazi. Kiingereza kinatuzidi kwa daftari lililoyaandika. Hakituzidi kwa akili iliyoyazaa.

Tuanze na “chafe”, neno ambalo Mwingereza hulitumia kwa shingo iliyochubuliwa na ukosi mgumu na kwa mtu aliyechoka kuamrishwa. Asili yake si kusugua hata kidogo. Limetoka katika Kifaransa cha kale, nacho kililipata kwa Kilatini, na maana yake ilikuwa kupasha moto. Mtu aliyeshikwa na baridi alisuguliwa mikono na miguu ili apate joto, na kwa kuwa mkono unaosugua ukizidi huchubua, neno likahama kutoka kwenye joto likaja kwenye kusugua, kisha likaja kwenye mchubuko, na mwisho likafika kwenye uchungu wa moyo. Shahidi wa safari hiyo yu hai mpaka leo, wala hana haja ya kutafutwa Ulaya: katika mahoteli ya Mombasa na Unguja, vile vyombo vya chuma vyenye vifuniko, vinavyowekewa moto mdogo chini ili pilau isipoe mezani, huitwa kwa Kiingereza “chafing dish”, navyo havimsugui mtu wala havimchubui, vinapasha moto tu, kama neno lenyewe lilivyokuwa likifanya zamani. Maana ya neno hili haikupangwa na mtu. Ilisukumwa na matumizi ya kila siku, kidogo kidogo, kwa muda wa karne nyingi.

“Fret” nalo, ambalo leo ni neno la mtu mwenye wahka asiyetulia, lilikuwa katika Kiingereza cha kale neno la kula, na si kula kwa adabu bali kula kwa pupa kama alavyo mnyama. Nduguye yuko katika Kijerumani, “fressen”, naye mpaka sasa kazi yake ni kueleza ulaji wa wanyama. Nondo aliila nguo, kutu ikakila chuma, maji yakazila kingo za mto, na wasiwasi ukamla mtu. Haya, na tujiulize kwa insafu: ni jambo gani hapa ambalo Mswahili hakuliona? Sisi husema kisu kimelika, meno yamelika, soli za viatu zimelika upande mmoja, pwani inalika, na mtu aliyepatwa na jambo zito twasema jambo hilo linamla moyo. Mwingereza na Mswahili, kila mmoja kwao, bila ya kuulizana, wamekiona kitu kinachopungua kidogo kidogo wakasema kinaliwa. Akili iliyofanya hivyo ni ile ile moja. Tafauti ni kwamba Mwingereza wa leo amesahau kwamba neno lake lilikuwa kula, na sisi ulaji huo tunausikia bado katika kila kitenzi.

Na “gall”? Hiki ni kidonda cha farasi, pale tandiko linaposugua ngozi mpaka nyama ikaonekana. Kutoka mgongoni mwa farasi neno likapanda mpaka moyoni mwa bwana wake, likawa ni uchungu wa mtu aliyedhalilishwa. Lakini mwenye punda wa Lamu, ambaye mnyama wake huchukua mawe na mchanga katika vichochoro visivyopitika kwa gari, anakijua kidonda kile kinachofanywa na shogi iliyokaa vibaya, anajua kinaanza wapi, anajua alama ya manyoya yanayokatika kabla ngozi haijachubuka, na anajua kwamba punda mwenye kidonda hicho hakubali tena kubebeshwa ila kwa vita. Maarifa hayo ni kamili, na maneno ya kuyaeleza anayo. Lililokosekana ni mtu wa kukaa naye barazani akayaandika.

Tukija kwenye maneno ambayo wasomi wetu huyastahi zaidi, yale ya Kilatini, hoja yao huzidi kudhoofika. “Abrade” limetoka katika kitenzi cha Kilatini cha kukwangua na kunyoa, ndicho kilichozaa pia jina la Kiingereza la wembe. “Erode” na “corrode” yametoka katika kuguguna, na panya na jamaa zake wameitwa na wataalamu wa wanyama kwa shina hilo hilo. “Attrition” limetoka katika kusugua na kusaga, na shina lake ndilo lililozaa neno la Kiingereza la hasara, “detriment”, na la usemi uliochakaa kwa kutumiwa mno, “trite”. Katika ukoo huo pia mna “tribulation”, yaani dhiki, ambalo asili yake ni ubao wa kupuria nafaka, uliopigiliwa mawe makali upande wa chini na kukokotwa juu ya masuke; Wakristo waliotumia Kilatini wakaliazima kwa mateso ya waumini. Wembe, panya, ubao wa kupuria: hizo ndizo hazina zilizofichwa nyuma ya maneno ambayo mwanafunzi wetu hufunzwa kuyatamka kwa taadhima.

Wala maneno hayo hayakuwa mali ya Waingereza tangu azali. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari na jeshi lake akaishinda Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo lugha ya mabwana ilikuwa Kifaransa na lugha ya kanisa na maandishi ilikuwa Kilatini. Kiingereza, lugha ya mkulima na mtumishi, kikakaa chini ya meza kikiokota. Baadaye wanachuoni wao wakayaingiza maneno ya Kilatini kwa makusudi, na “abrade” na “erode” yalikuja katika karne ya 17. Basi anayesema kwamba wingi wa maneno ni kipimo cha akili, na atujibu: Mwingereza wa mwaka 1000, ambaye hakuwa na hata moja katika maneno hayo ya Kilatini, je, hakuwa na akili? Hakuona kwamba maji ya mto yanakula kingo? Na kama aliona, na akatosheka na maneno yake mpaka alipopata ya kuazima, kwa nini kuazima kwake kuitwe utajiri na kuazima kwetu kutoka Kiarabu, tulikopata “dhiki” na “udhia” na “adha”, kuitwe umaskini?

Liangalieni tena neno “attrition”, mwone jinsi lisivyo na maana moja tuli inayotoka katika akili tuli. Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, kama yalivyothibitishwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1551, ni majuto yasiyokamilika, majuto yanayotoka katika kuuona ubaya wa dhambi au kuiogopa adhabu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia likawa neno la majenerali, na mfano wake ni Verdun mwaka 1916, ambako Wajerumani na Wafaransa waliuana kutoka Februari hadi Disemba, na ushindi ukawa unapimwa kwa nani atakayemalizikiwa na watu kwanza. Katika somo la jiografia ni mawe yanayogongana ndani ya maji mpaka yakawa mviringo. Toba, mauaji na kokoto vyote vimebebwa na neno moja. Wale wanaotucheka kwa kulipa neno “sugua” kazi nyingi mbona hawacheki hapa?

Na kwa kuwa tumefika kwenye jiografia, hapa ndipo madhara ya rai hii yanapoonekana kwa macho. Mwanafunzi wa sekondari, Kenya au Tanzania, hufunzwa kwamba bahari huila pwani kwa njia kadhaa, na hutakiwa ahifadhi majina yake ya Kiingereza: “abrasion”, “attrition”, “corrosion”. Huyahifadhi kama mtu anayehifadhi azima asiyoijua maana, akayachanganya katika mtihani, akapoteza alama, na mwalimu akasema mtoto hana akili ya sayansi. Lakini mtoto huyo, akiwa wa Watamu, ameona tangu utotoni vile visiwa vidogo vya matumbawe vilivyoliwa chini na maji mpaka vikasimama kama uyoga, juu pana na chini pembamba. Ameona ufukweni mawe laini yasiyo na pembe. Ameona jiwe la matumbawe lililojaa vishimo. Mwambie kwamba mawimbi huyachukua mawe na mchanga yakaukwaruza mwamba. Hiyo ni njia ya kwanza. Mwambie kwamba mawe hayo hayo husagana yenyewe kwa yenyewe mpaka pembe zao zikaisha. Hiyo ni ya pili. Mwambie kwamba maji yenyewe huuyeyusha mwamba wa chokaa na kuuchimba vishimo. Hiyo ni ya tatu. Hatayachanganya tena maishani mwake.

Nawaomba wasomaji wasimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo lugha yetu inapotoa hujja ambayo wapinzani wetu hawajapata kuijibu. Tafauti baina ya njia ya kwanza na ya pili ni hii tu: katika ya kwanza kitu kimoja kinakisugua kingine, na katika ya pili vitu vinasuguana. Kiingereza, ili kuibainisha tafauti hiyo, kimeazima maneno mawili ya Kilatini ambayo kwa sura zao hayamwambii msikilizaji lolote. Kiswahili kinaibainisha kwa silabi moja iliyomo katika kitenzi chenyewe: kukwaruza na kukwaruzana, kusaga na kusagana, kusugua na kusuguana. Na ukitaka kusema kwamba kitu kimepungua kwa matumizi bila ya kumtaja mtendaji, una kulika na kusagika. Na ukitaka chombo cha kazi, una kusugulia. Kanuni ambayo mwenziwe huibebea maneno mapya kila mara, Kiswahili kimeiweka ndani ya sarufi, mtoto wa miaka mitano akaitumia bila ya kufunzwa. Kama huko si kupambanua, sijui kupambanua ni nini.

Tena si kweli hata kidogo kwamba tunalo “sugua” peke yake. Neno hilo ndilo linalosikika afisini, kwa sababu afisini hakuna kinachosuguliwa. Ingieni jikoni: nazi hukunwa juu ya mbuzi, ukoko hukwanguliwa, chungu hukombwa, samaki hupaliwa magamba. Ingieni kwa anayefua: nguo hufikichwa, na mtu aliyeingiwa na vumbi hufikicha macho. Nendeni kwa mganga wa viungo: misuli huchuliwa. Nendeni kwa fundi seremala: ubao hupigwa randa, chuma hupigwa tupa, kisu hunolewa juu ya kinoo. Tazameni panya akiguguna, udongo ukimomonyoka, shuka ikichakaa, goti la mtoto likichubuka, ukucha ukiparuza. Na ingieni nyumba ya harusi, mumwone bibi mzee aliyeketi na msio mbele yake, lile jiwe bapa la kusagia manukato, anatia marashi matone machache, anakishika kipande cha liwa na kukizungusha juu ya jiwe kwa mkono usio na haraka, akikaza kidogo na kulegeza, mpaka rojo la rangi ya udongo likakusanyika ukingoni. Rojo hilo ndilo atakalosingwa nalo biharusi. Kusaga liwa ni kusugua, na kusinga mwili ni kusugua pia, lakini hakuna kungwi atakayekubali neno moja lichukue mahali pa jingine, kwa sababu moja ni kazi ya jiwe na moja ni kazi ya mapenzi.

Liko na neno la msasa, nalo linatosha peke yake kuwanyamazisha wenye rai hii. Msasa ni mti, na majani yake ni makavu na yenye kukwaruza hata mafundi wa pwani waliyatumia kusugulia mbao na pembe kabla ya karatasi ya dukani kufika. Karatasi ilipokuja, ikarithi jina la mti, na mpaka leo fundi hupiga msasa. Mti huo wataalamu wa mimea waliupa jina la Kilatini, Ficus exasperata, na neno hilo la pili maana yake ni uliofanywa kuwa na makwaruzo. Shina lake ndilo alilochukua Mwingereza akapata “exasperate”, kumkera mtu mpaka akaishiwa na subira. Hivyo neno moja katika yale wanayojivunia linakaa juu ya jani ambalo fundi wetu alilijua kwa ncha za vidole vyake, akalitumia, na akalipa jina.

Wako watakaosema: tumekubali kuhusu vitu, lakini je, moyo? Kiingereza huvuka kutoka ngozini hadi nafsini; Kiswahili kinavuka? Kinavuka, na wakati mwingine kinafika mbali zaidi. Watu wawili wasiopatana wana msuguano, na wakitupiana maneno makali wamekwaruzana. Kitu kinachokwaruza koo hukereketa, na katika shina hilo mna kero na kukereka. Lakini humo humo mna mkereketwa, mtu ambaye jambo la chama chake au la nchi yake limemshika kooni hata hawezi kutulia mpaka alitumikie. Mwasho huo kwetu umezaa bidii. Na ngozi iliyosuguliwa muda mrefu ikawa ngumu twaiita sugu, kisha tukalichukua neno hilo likaeleza maradhi yasiyosikia dawa na mhalifu asiyesikia adhabu. Mwingereza naye ana “callous”, kutoka katika ngozi ngumu vile vile, kwa mtu asiye na huruma. Mataifa mawili yameitazama ngozi moja ya binadamu yakafahamu jambo moja.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo ndiyo yenye uzito, na haifai kupitwa. Watasema: maneno hayo yako midomoni mwa mafundi na wazee, lakini hayako vitabuni, na elimu haifundishwi kwa maneno yasiyoandikwa. Hapo wanasema kweli, lakini kweli hiyo inawahukumu wao wenyewe. Waingereza hawakukuta utajiri wao umepangwa rafuni. Chama chao cha wanalugha kiliazimia mwaka 1857 kukusanya kamusi kubwa ya lugha yao, James Murray akakabidhiwa uhariri mwaka 1879, watu wengi wa kujitolea wakasoma vitabu na kutuma vijikaratasi vya maneno na mifano ya matumizi, sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884, na kazi ya toleo la kwanza ikakamilika mwaka 1928, Murray akiwa amekwisha kufariki. Sisi kamusi ya Krapf tuliipata mwaka 1882, ya Johnson na ya Sacleux mwaka 1939, kazi za wageni waliotusikiliza kwa makini. Na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoka mwaka 1981. Kazi ya watu hao wote naiheshimu. Lakini taifa linaloandika maneno yake kwa miaka 70 mfululizo likishakuwa na kamusi nono, na taifa linaloyaacha yafe na wazee likawa na kamusi nyembamba, hiyo ni tafauti ya juhudi, na juhudi haizaliwi na mtu tumboni.

Taksiri hiyo inaonekana hata katika tafsiri ndogo ndogo. Karatasi ya ushauri wa afya hutafsiriwa, na pale Kiingereza kinapomwonya mama juu ya ngozi ya mtoto kusuguliwa na nepi, mfasiri huandika “msuguano wa ngozi”, maneno ambayo hayajapata kutamkwa na mama yeyote aliyemwona mwanawe amechubuka mapajani. Kisha mama huyo asipoelewa husemwa kwamba Kiswahili hakitoshelezi. Kiswahili kilitosheleza, mfasiri ndiye aliyekipita njiani asikisalimu.

Kiingereza ni lugha adhimu, na ajifunzaye hasara haimpati. Sikuandika haya ili mtu akiache. Nimeandika ili tuiache dhana kwamba akili imegawanywa kwa lugha, hawa wakapewa nyingi na wale kidogo. Mwalimu wa jiografia na awachukue wanafunzi wake ufukweni awaulize wanaona nini kabla ya kuwapa jina la Kilatini. Mtunga kamusi na aende karakana na jikoni na nyumba ya harusi akiwa na kalamu. Mfasiri na asikubali neno kabla ya kulijaribu sikioni mwa mwenye kazi yake. Na anayedai kwamba Kiswahili hakina maneno, na atuambie kwanza ni mafundi gani aliowauliza.